Kasha la taa ya dagaa: resini ipi, umaliziaji upi

Kasha lina urefu wa milimita 160 na upana wa 90. Vipande vyake ni vinne: bodi inayobeba betri na saketi, kifuniko kinachopitisha mwanga, kofia laini ya swichi, na ndoano ya kulitundikia. Vijana wawili wa Sahare, Tanga, wamelibuni kwa ajili ya wavuvi wa dagaa wanaotoka usiku na taa, wakitaka LED na betri ya sola zichukue nafasi ya karabai. Lilipoletwa kwenye karakana yetu hapa Ngamiani lilikuwa limeshaonja bahari, na bahari ilikuwa imelishinda.

Kifuniko kilikuwa kimegeuka rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Bodi ilijipinda upande mmoja mrefu. Ukiilaza juu ya kioo cha dirisha inacheza. Ndoano ilikatika shingoni. Kofia ya swichi, iliyotakiwa ibonyee, ilikuwa ngumu na ina ufa. Ndani, chumvi ilikuwa imekauka kuzunguka betri. Nahodha mmoja wa Deep Sea, hapahapa Tanga, aliyekubali kulijaribu aliwarudishia kwa maneno machache: “Wanangu, taa inawaka vizuri. Nyumba yake ndiyo haikai baharini.”

Vipande vyote vinne vilichapwa kwingine kwa printa ya 3D, kwa resini moja (plastiki ya majimaji inayogandishwa kwa mwanga), ile angavu ya kawaida.

“Kaka, tuliambiwa hiyo ndiyo nzuri kuliko zote,” alisema mmoja wao. “Ilipotoka ilikuwa haina hata doa.”

Sina ubishi na hilo. Resini angavu ya kawaida inatoa kipande cha kuvutia kuliko nyingi. Tatizo ni kwamba kasha moja lilibebeshwa kazi nne kwa mpigo: lipendeze mbele ya wafadhili, lizuie maji, lihimili jua na kuangushwa, halafu baadaye liwe mama wa kalibu ya kumwagia nakala. Hakuna resini inayozibeba zote hizo. Na tulivyoendelea kulichambua, ikaonekana kwamba sehemu kubwa ya ubovu haikutoka kwenye resini kabisa. Ilitoka kwenye kile kilichofanywa, au kilichoachwa, baada ya kipande kutoka mashinini.

Kwa nini stereolithografia

Teknolojia yenyewe, ya kuchapa kwa resini na mwanga, si ngeni. Mmarekani Charles Hull aliiombea hataza mwaka 1984 na kuipata 1986. Mwanga wa urujuanimno au wa urujuani ulio jirani yake, uwe wa leza, projekta au skrini, hugandisha resini ya majimaji tabaka kwa tabaka. Mashine kubwa za viwandani hutumia leza yenye urefu wa wimbi wa nanomita 355. Hizi ndogo za mezani, ya kwetu ikiwemo, nyingi hufanya kazi kwa 405. Tabaka huwa kati ya milimita 0.025 na 0.1, ndiyo maana uso hutoka laini kuliko wa mashine ya filamenti, ile inayoyeyusha uzi wa plastiki. Kilichoganda hakiyeyuki tena. Ukikipa joto kinalegea, ukizidisha kinaungua. Jambo hilo tutalirudia tukifika kwenye nati.

Kama shida ingekuwa nguvu peke yake, ningewaambia wachape bodi kwa filamenti ya ASA, inayovumilia jua, tukaagana. Lakini mashine ya filamenti huacha mistari, na mstari mmoja ukikatiza pale inapokaa oringi, pete ya mpira ya kuzuia maji, ni njia ya maji. Pia walihitaji uso safi wa kutengenezea kalibu ya silikoni. Kwa hayo mawili, resini ilistahili.

Bodi: hesabu ya mfereji

Hapa ndipo maji yalipoingilia, kwa hiyo hapa tulikaa zaidi.

Oringi yao ina unene wa milimita 2.5, na mfereji wake una kina cha milimita 2. Kifuniko kikikaa sawasawa, oringi inabanwa nusu milimita, yaani asilimia 20. Kwa muhuri usiosogea, hicho ni kiwango kizuri. Sasa tukapitisha filagezi, vibamba vyembamba vya kupimia upenyo, kati ya ukingo wa bodi na kioo: katikati ya upande mrefu palikuwa na upenyo wa milimita 0.4. Toa 0.4 kwenye 0.5, inabaki 0.1. Oringi ilikuwa inabanwa asilimia 4 tu. Muhuri wa namna hiyo hauzuii hata manyunyu, sembuse wimbi.

Kwa nini ilipinda? Kuta zilikuwa nyembamba, milimita 1.5, bila mbavu yoyote. Skurubu zilikuwa nne, moja kila pembe, kwa hiyo katikati ya upande mrefu hapakuwa na kinachokandamiza. Na baada ya kuchapwa, bodi ilianikwa juani ikakomaa, yaani ikamalizia kuganda, upande mmoja. Resini husinyaa inapokomaa. Upande ulioangalia jua ukasinyaa zaidi ya mwenzake, bodi ikavutika kama ilivyovutika.

Kisha kuna joto. Katika karatasi za vipimo vya resini utakuta joto la kupinda, yaani nyuzi ambazo kipande chenye mzigo huanza kusalimu amri. Resini nyingi za kawaida ziko kati ya nyuzi 50 na 70. Kasha angavu lililofungwa, lenye betri nyeusi ndani, likiachwa juu ya mashua saa saba mchana linafika huko bila taabu. Ukisoma karatasi hizo angalia pia mzigo uliotumika: kipimo cha megapaskali 0.45 hutoa namba ya kupendeza kuliko cha 1.8, na wauzaji wanajua ipi ya kuiandika kwa herufi kubwa.

Wazo la kwanza la vijana lilikuwa resini ya joto kali, ambayo nyingine hupita nyuzi 200. Tuliikataa. Inavumilia joto, lakini ni kavu. Ukiiangusha kwenye sakafu ya saruji inaachana. Taa ya mvuvi itaanguka, hilo halina mjadala.

Wazo la pili lilikuwa resini ya kuoshwa kwa maji, maana hiyo haihitaji kutafuta alkoholi. Hiyo nayo nisingeipeleka baharini. Hufyonza unyevu kuliko nyingine na kuwa na tabia ya kupasuka baadaye, na maji yake ya kuoshea ni sumu vilevile. Jina lake linawafanya watu wayamwage mtaroni.

Tukachagua resini ngumu, ile inayoigiza plastiki ya ABS. Lakini niseme wazi: resini hiyo haikutuletea nafuu ya joto. Nyingi za kundi hilo hulegea kwenye nyuzi zilezile, nyingine hata mapema. Ilichotuletea ni kupinda kidogo kabla ya kukatika. Nafuu ya joto na ya mpindo ilibidi itoke kwingine: kuta zikaongezwa hadi milimita 3, mbavu mbili zikapita ndani, skurubu zikawa sita, na bodi ikapakwa rangi nyeupe. Rangi hiyo haikuwa ya urembo. Inarudisha jua, na inazuia urujuanimno usiendelee kuipika resini hadi iwe kavu.

Kuosha na kukomaza

Kipande kikitoka kwenye mashine bado kina utelezi wa resini mbichi. Huoshwa kwa alkoholi ya isopropili, iliyo safi kwa asilimia 90 au zaidi. Spirit ya duka la dawa mara nyingi ina maji mengi, na maji hayo huacha ukungu mweupe usiotoka kwa kusugua. Tunaosha mara mbili, chombo cha kwanza kilichochafuka na cha pili kilicho safi, dakika chache kila kimoja. Kukiacha kipande humo usiku kucha eti kitakate zaidi ni kukiharibu: kinanywa alkoholi, kinavimba, na kingo zinakuwa laini.

Glavu za nitraili hazina msamaha hapa. Resini mbichi ikigusa ngozi mara kwa mara inaweza kukuletea mzio, na ukishaupata hauondoki. Kuna mafundi walioacha kazi hii kwa sababu hiyo. Alkoholi iliyochafuka tunaiweka juani kwenye ndoo yenye kifuniko kinachopitisha mwanga, resini inaganda na kuzama, tunachuja, tunaitumia tena. Hakuna kinachopelekwa kwenye mtaro, kwa sababu mitaro yetu inaishia baharini.

Kukomaza tulifanya ndani ya kisanduku cha taa za nanomita 405, kwa nyuzi 60, kipande kikizungushwa. Kifuniko angavu tulikikomaza kikiwa kimezama kwenye bakuli la kioo lenye maji. Hewa ya oksijeni huzuia ngozi ya juu ya resini isikauke vizuri. Ndani ya maji tatizo hilo hupungua, na kifuniko kinatoka bila kunata, kwa muda mfupi zaidi. Muda mfupi ndio tulioutaka, maana kukomaza kupita kiasi nako kunaleta manjano.

Kifuniko na klia ya magari

Kifuniko kikitoka mashinini huwa kama kioo kilichopigwa mvuke. Mwanga unapita, lakini unatawanyika. Ili kiwe angavu, mikwaruzo na mistari ya tabaka lazima iondoke au ijazwe.

Njia ndefu ni msasa wa maji tangu namba 400 hadi 2000, halafu dawa ya kung'arishia. Inafanya kazi, ila ni ya vidole vya subira, na haiachi kinga yoyote juu ya uso. Njia tuliyochukua, msasa kidogo kisha klia (ile vanishi angavu inayopigwa juu ya rangi ya gari), ni fupi. Tulianza na 400, tukaenda 600, tukaishia 800, kila namba tukibadili upande wa kusugua: kwanza kwa urefu, kisha kwa upana, ili mikwaruzo ya namba iliyopita ionekane na ifutwe. Kati ya namba na namba kipande kinasuuzwa, kwa sababu chembe moja ya 400 ikibaki chini ya msasa wa 800 inachora mstari utakaouona siku ukiwasha taa. Tuliweka kitambaa cheusi chini ya kifuniko. Juu ya meza nyeupe huoni kitu.

Baada ya 800 kifuniko kilikuwa kibaya kuliko kilivyoanza, cheupe kabisa, na mmoja wa vijana akashika kichwa. Nikakipaka maji kwa kidole. Palipolowa pakawa kioo. Klia inafanya hivyohivyo, ila haikauki ikaondoka: inajaza mikwaruzo, na kwa kuwa inapinda mwanga karibu sawa na resini, jicho halioni mpaka kati yao.

Kwa kupiga klia hatukuwa na sababu ya kujifanya wataalamu wakati gereji za jirani zina mafundi wanaopaka magari kila siku. Tulichukua klia ya magari, ya sehemu mbili, yenye kikausho chake. Nyingi kati ya hizo zina kinga ya urujuanimno, maana zimetengenezwa kwa gari linalolala nje, na kinga hiyo ndiyo inayochelewesha manjano. Nasema inachelewesha. Resini angavu iliyo juani kila siku itageuka tu; swali ni baada ya muda gani.

Fundi rangi alitaka apanguse kwa thina kwanza, kama anavyofanya kwenye bati. Nikamwomba, “Fundi, hapo tusaidie, tumia alkoholi kidogo na uache ikauke.” Thina kali inaweza kuipenya resini na kuiachia nyufa ndogondogo. Alipiga tabaka tatu nyepesi badala ya moja nzito, mchana baada ya umande kukauka na kabla upepo wa bahari haujaanza kurusha vumbi. Unyevu wa Tanga ukiikuta klia mbichi huifanya iwe na ukungu, na hapo unarudi kwenye msasa. Kikausho cha klia hizi kina isosayaneti, kemikali inayodhuru mapafu, kwa hiyo anayepiga avae barakoa yenye vichujio. Ile ya kitambaa haimsaidii.

Rangi isiguse mfereji

Umaliziaji wa bodi ulikuwa wa kawaida: tulikata vishikizi, vile vijiti vinavyokishikilia kipande kikichapwa, tukasawazisha makovu yake kwa msasa wa 220 na kisha 400, fila kidogo ya kuziba penye shimo, praima, msasa tena, rangi nyeupe ya sehemu mbili.

Lililotaka umakini ni kwamba msasa hupunguza na rangi huongeza. Ukisugua ukingo wa bodi milimita 0.2 ili upendeze, mfereji wa milimita 2 umekuwa wa 1.8, oringi inabanwa zaidi ya ulivyopanga na kifuniko kinabonyea katikati. Ukipaka praima na rangi ndani ya mfereji, unapata jambo lilelile, tena kwa unene usio sawa. Kwa hiyo ukingo na mfereji vilizibwa kwa utepe wa karatasi kabla ya rangi, na ukingo ulisuguliwa mara moja tu, juu ya msasa uliogundishwa kwenye kioo, ili unyooke. Vishikizi vya kuchapia vyote vilielekezwa upande wa chini wa bodi, mbali na mfereji. Hilo huamuliwa kwenye kompyuta kabla ya kuchapa. Ukilisahau, utalipa kwa msasa.

Nati za shaba za skurubu zilileta mjadala mfupi. Vijana walizoea filamenti, ambako unaipasha nati kwa ncha ya chuma cha kulehemu nayo inazama kwenye plastiki iliyoyeyuka. Resini haiyeyuki. Ukiisukumia nati ya moto, inapasuka pembeni. Tulichapa matundu makubwa kidogo kuliko nati, tukakwaruza ndani, tukagundisha kwa epoksi. Matundu yote yako nje ya mstari wa oringi, ili maji yakipita kwenye skurubu yasikute njia ya ndani.

Pipa, kisha giza

Kabla ya bahari kulikuwa na pipa. Tulijaza kasha karatasi laini ya chooni, tukalifunga, tukalizamisha na jiwe hadi asubuhi. Karatasi ndiyo shahidi mzuri kuliko jicho: tone moja linaacha alama. Ilitoka kavu.

Safari ya baharini ilibidi ifuate mwezi. Dagaa wa taa hutafutwa wakati wa giza. Mbalamwezi ikikolea, taa haina cha kuvutia na wengi hukaa pwani kushona nyavu. Kwa hiyo vipande vilitakiwa viwe vimekauka rangi kabla ya giza kuanza, na hiyo ndiyo sababu nyingine ya kuchagua klia badala ya kung'arisha kwa mkono.

Bodi na kifuniko vilirudi vizuri, ndani kukavu, ukingo umenyooka. Nahodha alikuwa na malalamiko mawili, na yote yalikuwa ya haki. Ndoano, ingawa ilichapwa kwa resini ngumu, ilikuwa na mstari mweupe shingoni. Hiyo ni dalili ya kipande kilichochoka, na siku nyingine kingeiangusha taa. Kofia ya swichi, tuliyoichapa kwa resini laini, ilichanika pembeni. Resini laini hubonyea vizuri, lakini ikipata mchaniko mdogo huo mchaniko unakimbia.

Ndoano haikustahili kuchapwa tena. Fundi vyuma alikunja waya wa chuma kisichoshika kutu wa milimita 4, tukaupitisha kwenye masikio mawili ya bodi. Kofia itamwagwa kwa silikoni.

Kwenda kwenye nakala

Silikoni hiyo ilituletea somo la kemia. Silikoni zinazokomaa kwa platinamu huvurugwa na mabaki ya resini: pale zinapogusana na kipande cha stereolithografia hubaki zinanata, na kalibu nzima inaharibika pamoja na kipande mama. Ndiyo maana tulijaribu kwanza juu ya vishikizi vilivyokatwa, takataka tupu. Ilinata. Tulipojaribu juu ya kipande kilichopakwa praima na rangi ya sehemu mbili, kikakomaa na kukauka kabisa, silikoni ikaganda sawasawa. Silikoni inayokomaa kwa bati haina unyonge huo, ila husinyaa kidogo zaidi kadiri siku zinavyopita, na kwa mfereji wa oringi hatukutaka hilo.

Basi bodi ileile iliyorudi baharini ikasafishwa, ikaguswa rangi penye mikwaruzo, ikawa mama wa kalibu. Mfereji, ambao haukuwa na rangi, ulipakwa klia nyembamba kwa brashi ili silikoni isikutane na resini tupu. Unene huo tulikuwa tumeshauingiza kwenye hesabu tangu mwanzo, kwa kuchapa mfereji wa kipande hicho ukiwa na kina zaidi kwa sehemu ya kumi ya milimita. Kalibu moja ya silikoni hutoa nakala kama 20 hivi za poliuretani kabla pembe zake hazijaanza kuchanika. Kwa wavuvi wa majaribio inatosha.

Poliuretani nayo haipendi pwani. Kikausho chake kikikutana na unyevu hutoa gesi ya kabonidioksidi, na nakala inatoka na vipovu kama maandazi yaliyoumuka. Makopo hufungwa mara tu baada ya kumimina, na kalibu hupashwa kidogo ili ikauke kabla ya kumwagwa.

Kifuniko hakitaingia kwenye kalibu. Baada ya kazi yote ile ya msasa na klia, tumewashauri vijana kwamba kwa kuwa ni bapa, nakala zake zikatwe kwenye bamba la akriliki la milimita 3 kwa mashine ya leza ya watengeneza mabango. Akriliki huvumilia jua kuliko resini yoyote angavu tunayoweza kuinunua, na matundu sita ya skurubu hukatwa hapohapo. Kilichobaki ni kuamua kama matundu hayo yapanuliwe kidogo, maana akriliki ikikazwa skurubu pasipo nafasi hupasukia tunduni.